Mirija ya Katikati

Mirija hamsini na sita iliyeyuka. Ilikuwa ya wanawake ishirini na wanane, kila mmoja miwili: mmoja wa damu, mwingine wenye kipande cha uvimbe wa titi lake, kidogo kama nusu ya punje ya karanga. Yote ilikuwa ndani ya boksi moja la plastiki, kwenye friza ya kituo cha utafiti wa saratani ya matiti, mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora. Jumatano ingepanda ndege kwenda Dar es Salaam kusomwa. Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Gerson, mtaalamu wa maabara, alitoa boksi kwenye friza akasikia maji yakicheza ndani.

Kabla ya kumwita mtu, Gerson aliandika kwenye daftari. Ndivyo alivyofundishwa. Aliandika mistari mitatu: mirija ya safu za pembeni imeshika barafu, ya katikati ni maji matupu, mrija wa nafasi ya 31 hauna lebo. Kisha akaketi kwenye stuli akashika kichwa.

Dkt. Najiat alifika dakika tano baadaye. Yeye ndiye aliyekianzisha kituo kile. Alizaliwa Isevya, baba yake fundi cherehani, akasoma hadi akachoka kusoma, na alipopata kazi ya kukaa Dar aliikataa akarudi nyumbani. Alipiga hodi kwenye ofisi za watu miaka miwili mpaka akapewa friza moja na vyumba vitatu. Kabla ya hapo mwanamke wa Usinge au wa Igunga aliyekuta uvimbe kwenye titi alisafiri siku mbili ili aambiwe ni dawa gani inamfaa. Sasa alikuja Ng'ambo. Damu yake ilisomwa kujua kama ana kasoro ya jeni aliyorithi kwa wazazi. Kipande cha uvimbe kilisomwa kujua kama anahitaji dripu kali za saratani, au anaweza kupona kwa upasuaji na vidonge tu bila kuteswa na dripu. Zamani wote walipewa dripu, anayehitaji na asiyehitaji, kwa sababu hakuna aliyejua nani ni nani.

Damu iliyoyeyuka siku moja au mbili bado inasomeka. Kipande cha uvimbe kikishayeyuka hakisomeki tena. Dkt. Najiat alilijua hilo. Hakulia. Alipiga simu Dar.

Jibu lilirudi kabla ya adhuhuri. Jumapili umeme ulikatika Ng'ambo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na jenereta ya kituo ilikataa kuwaka. Wakubwa wa mradi walisema mambo yako wazi: friza ilikufa, Tabora haiwezi kutunza baridi. Kama hadi Ijumaa hakuna maelezo mengine, friza itahamishiwa Dar na kituo kitafungwa.

Fundi wa friza ile alikuwa Sixbert Masolwa, Mnyamwezi wa Nzega, miaka hamsini na miwili. Hakumaliza shule ya msingi. Kazi ya mafriji alijifunza kwa kushika na kuungua, na mjini hapakuwa na bucha wala duka la dawa ambalo hakuwahi kulala chini ya friji lake. Aliitwa saa tano. Alipofika alimkuta Sajenti Renatus wa upelelezi, mtu wa Bukoba aliyehamia Tabora miezi minne iliyopita, amesimama mlangoni na kalamu.

"Wewe ndiye fundi," alisema sajenti. Haikuwa salamu.

"Ndiye. Na kabla hujaandika, afande, mke wangu yumo kwenye lile boksi."

Ilikuwa kweli. Leonia, mke wake, alitolewa uvimbe mwezi Aprili. Kipande kilichotunzwa cha uvimbe ule kilikuwa hicho hicho, na kilikuwa kimoja.

Masolwa alifungua friza akaingiza mkono hadi nyuma kabisa ya rafu ya chini. Akatoa kikombe cha bati kilichojaa barafu, na juu ya barafu kulikuwa na sarafu ya shilingi mia. Akaiweka mezani mbele ya sajenti.

Alieleza bila haraka. Kila friza anayotengeneza huiwekea kikombe kama hicho. Anagandisha maji, anaweka sarafu juu, anafunga mlango. Friza ikifa barafu inayeyuka, sarafu inazama, na umeme ukirudi inagandia chini. Mwenye bucha hawezi kumdanganya mteja kwamba nyama haikuyeyuka.

"Sarafu iko juu," alisema Masolwa. "Friza hii haijafa. Saa sita bila umeme ni kitu gani kwake? Mlango ukifungwa inakaa siku nzima."

"Na hii mirija iliyeyuka vipi?"

Masolwa aliomba daftari la Gerson. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Aliposoma mstari wa kwanza na wa pili alirudi akasoma tena.

"Afande, umewahi kutoa nyama kwenye friza ukaiacha mezani?"

"Nimewahi."

"Inaanza kulainika wapi?"

"Nje."

"Na ndani?"

"Jiwe." Sajenti aliacha kuandika.

"Hapa nje barafu, ndani maji. Kijana huyu wa maabara hakuona boksi linaloyeyuka. Aliona boksi linaloganda. Lilishayeyukia kwingine, likarudishwa humu asubuhi ya leo."

Sajenti hakuwa mtu wa kuamini maneno ya fundi anayetetea kazi yake, na alimwambia hivyo usoni. Masolwa akasema tupime basi. Gerson alijaza maji mirija hamsini na sita mipya, wakaipanga kwenye boksi lile lile, wakaiweka rafu ile ile, wakakaa na saa. Dakika kumi, hakuna kilichoshika. Dakika ishirini na tano, safu za pembeni zikaanza kuwa nyeupe. Dakika thelathini, pembeni barafu, katikati maji. Dakika hamsini na tano, yote mawe. Walirudia mara ya pili wakapata vile vile.

Gerson alifungua saa mbili kasoro kumi. Basi boksi lilirudishwa kati ya saa moja na saa moja na dakika ishirini na tano. Sajenti Renatus aliandika muda huo akaupigia mstari.

Kituo kilikuwa na geti moja na mlinzi mmoja, Mzee Uwesu, Mzigua wa Handeni. Alifika Tabora na reli miaka ya themanini, akaoa Tabora na akazeeka Tabora. Kibanda chake kilikuwa kati ya geti na jiko. Chini ya meza yake palitundikwa mshipi wa funguo zote za kituo, na juu ya meza lilikuwa daftari la wageni. Sajenti alimhoji saa tisa alasiri. Aliuliza nani aliingia asubuhi ile kabla ya saa mbili kasoro dakika kumi. Uwesu akajibu ni Gerson, saa moja na dakika arobaini, imeandikwa. Mgeni je? Hakuna mgeni. Jumamosi na Jumapili? Hakuna mgeni. Aliapa, na sura yake haikubadilika.

Mtu mmoja tu basi, Gerson. Sajenti alifungua droo ya meza ya kijana akakuta barua aliyoiandika mwezi Mei akiomba uhamisho wa Dar. Alikagua chumba cha friza akakuta msururu wa sisimizi umepanda mguu wa friza hadi kwenye mpini, na kwenye stuli ya Gerson kikombe cha chai kilichobaki sukari chini. Kituo kikihamia Dar, na Gerson anahamia nacho, alisema sajenti. Saa kumi na moja jioni kijana alipandishwa kwenye gari la polisi. Dkt. Najiat alisimama mlangoni akimtazama. Alimwambia sajenti kwamba kijana yule ndiye aliyeandika ile mistari mitatu, na mwizi haandiki ushahidi wa kumfunga.

Masolwa alitoa hoja yake. Gerson aliingia saa moja na arobaini, akafungua friza saa mbili kasoro kumi. Hizo ni dakika kumi, na dakika kumi hazigandishi pembeni, wameshapima wote. Sajenti akajibu kwamba saa ya mlinzi mzee si saa ya benki.

Usiku ule Masolwa alimweleza mkewe. Leonia alikuwa anachambua dengu, kovu lake likiwa bado linamvuta akiinua mkono. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kipande changu kimeoza."

"Kimeyeyuka."

"Wewe fundi, mimi muuza dengu. Kilichoyeyuka kinaitwaje kesho yake?"

Leonia alipepeta dengu, akapuliza maganda.

"Mimi nilishakatwa," alisema. "Lakini pale kituoni namjua binti wa Kaliua, ana mtoto mgongoni, bado hajakatwa. Kituo kikienda Dar, yule hatafika Dar. Kamtafute huyo mtu. Usinitazame mimi."

Jumanne asubuhi Masolwa alirudi kulitazama boksi. Sisimizi walikuwa wamelipanda pia. Chini ya ukingo wa kifuniko, mahali ambapo kitambaa hakifiki, alikuta kitu cheusi kinachonata. Alikinusa, akakionja kwenye ncha ya ulimi. Ilikuwa asali, tena ya porini, ile nyeusi inayonukia moshi, yenye chembe za nta ndani. Gerson alitia sukari kwenye chai yake. Asali hakuwa nayo.

Alimpelekea sajenti habari hiyo. Sajenti Renatus aliikubali asali lakini hakumwachia Gerson. Tabora nzima inauza asali, alisema. Leteni mtu.

Mtu alipatikana Jumatano, saa moja asubuhi, na alipatikana kwa mzaha.

Masolwa alikuwa amekuja kukaza bawaba za friza. Aliweka mfuko wake wa vifaa kwenye kibanda cha mlinzi akaingia ndani. Aliporudi, spana yake kubwa haikuwepo. Uwesu alikuwa ameikalia.

"Mnyamwezi akitembea bila mzigo kichwani huwa anakwenda upande," alisema Uwesu. "Pembe za ndovu umeziacha wapi?"

"Zilibaki kwenu Handeni. Babu yako alizikodolea macho mpaka akasahau kufunga banda, tukala kuku wake wote. Lete spana."

"Spana imekufa. Hapa kuna msiba. Leta kahawa na kashata nikazike."

Ndivyo walivyo. Wanyamwezi walipobeba mizigo ya misafara kutoka Tabora hadi pwani walipita kwa Wazigua, wakapigana nao, wakala nao, wakazikana. Mwisho wakawa watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe na huna ruhusa ya kununa. Anachukua kitu chako mchana kweupe, na unakikomboa kwa kahawa au kwa jogoo. Ukienda kushtaki utachekwa mji mzima. Masolwa alikwishaingiza mkono mfukoni atoe ya kahawa, mkono ukasimama humo humo.

"Mzee Uwesu, Jumatatu sajenti alikuuliza nini hasa?"

"Kama aliingia mgeni."

"Mimi nakuuliza, aliingia mtani?"

Uwesu alimtazama. Akaitoa spana chini yake taratibu, akaiweka mezani.

"Mtani si mgeni," alisema. "Mtani haandikwi daftarini. Nani amewahi kumwandika mtani?"

"Nani?"

"Ngollo. Mabruki Ngollo wa asali, Mnyamwezi mwenzako."

Akaeleza. Jumamosi saa kumi jioni, kituo kimefungwa, Mabruki Ngollo alikuja na ndoo ya asali ya wahudumu, kama anavyokuja kila mwezi. Akatukana Wazigua, akanyakua mshipi wa funguo, akasema amewateka mateka na hawarudi bila kahawa. Uwesu alikwenda kwa muuza kahawa wa kona, akangoja birika lichemke, akarudi baada ya karibu nusu saa akicheka. Ngollo akarudisha mshipi, akanywa kahawa, akaondoka na ndoo yake, akisema asali hiyo ina maji ataleta nyingine. Uwesu hakuhesabu funguo. Jumatatu saa moja na robo Ngollo alirudi na ndoo. Akasema anaipeleka jikoni. Alitoka baada ya dakika kumi, na hapo ndipo Uwesu alipouona ufunguo wa chumba cha friza umelala mezani. Ngollo akamwambia, "Mateka mmoja alibaki mfukoni mwangu siku mbili na hukumlilia. Mzigua hujui kulinda watu wako."

"Nikacheka," alisema Uwesu. "Wallahi nilicheka."

Masolwa hakumlaumu. Angekuwa yeye kwenye kibanda kile, angecheka pia.

Sajenti Renatus alisikiliza akiwa ameshika tama. Kwao Bukoba watani wapo, lakini si wa namna hiyo. Alirudisha swali mara tatu: mtu akichukua funguo za serikali ni utani? Uwesu akamjibu kwamba funguo zilikuwa zake yeye, mlinzi, na mtani wake ndiye aliyezichukua. Ikafika mahali sajenti akaacha kuuliza, akaagiza gari. Saa nne walikuwa dukani kwa Ngollo, nyuma ya soko kuu. Walichukua ndoo tatu tupu. Mbili zilikuwa zimeoshwa. Ya tatu ilikuwa na asali kidogo chini, na ndani ya asali hiyo, imenata kwenye plastiki, kulikuwa na lebo ndogo nyeupe yenye namba 31.

Alasiri ile Gerson alitoka mahabusu. Alikwenda moja kwa moja kituoni akavaa koti lake jeupe.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mabruki Ngollo aliletwa kwenye chumba cha mapokezi cha kituo cha utafiti. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, kanzu safi, mtu ambaye msikitini alipewa nafasi ya mbele. Sajenti Renatus alikaa na kalamu. Dkt. Najiat, Masolwa na Uwesu walikuwepo. Swaumu, binti mkubwa wa Ngollo, miaka ishirini na saba, alikuja mwenyewe. Alikuwa na uvimbe titi la kushoto na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanawake ishirini na wanane. Hakuna aliyemwita. Alikaa karibu na mlango.

Ngollo alianza kwa kukana. Alisema ndoo huazimwa, lebo hupeperuka. Sajenti alimsomea muda mmoja mmoja: Jumamosi saa kumi, Jumatatu saa moja na robo. Akamwonyesha lebo. Akamuuliza kama alijua mrija upi ni wa binti yake.

"Hukujua," alisema Masolwa. "Mirija haina majina, ina namba. Ndiyo maana ulibeba boksi zima ndani ya ndoo, na ulipolifungua lebo moja ikabandukia humo. Nia yako ilikuwa kulitupa. Jumapili umeme ukakatika ukaona njia bora zaidi, ulirudishe boksi, lawama iangukie friza. Iangukie mimi."

"Sikuwa na ugomvi na wewe, fundi."

"Mke wangu yumo humo."

"Sikujua."

"Ungejua ungefanya nini? Ungemchagua ukamwacha?"

Sajenti alimuuliza Ngollo swali moja tu: kwa nini. Alijibu akimtazama Uwesu, kama mtu anayetafuta mahali rahisi pa kuweka macho.

Mama yake alikufa mwaka 2006, titi limeoza. Dada yake alikufa mwaka 2010, vile vile. Wote wawili waliuguzwa na Zuwena, mjane wa kaka yake. Walikula mkononi mwake. Ngollo akaita ukoo wote kwao Usinge. Alikuwa mkubwa wa ukoo, mwenye duka mjini, neno lake lilisikilizwa. Alisimama akasema Zuwena ni mchawi. Vijana walichoma nyumba yake usiku huo. Aliondoka na kanga mbili, akaenda kuishi Isikizya, na hakuna mtu wa ukoo aliyemjulia hali tena.

"Swaumu alipougua nikasema uchawi una mkono mrefu," alisema Ngollo. "Nikamsindikiza hapa. Daktari akamweleza, nami nasikia, kwamba ugonjwa huu katika nyumba nyingine unatembea ndani ya damu, kutoka kwa mama au kutoka kwa baba. Kutoka kwa baba. Akasema damu itasomwa, na ukoo utaambiwa. Nilirudi dukani sikuona hata njia. Kama ni damu, basi ni ya mama yangu, na ni yangu. Na Zuwena je? Nilisimama mbele ya watu mia mbili. Sikuweza kusimama tena niseme nilikosea."

"Kwa hiyo ulitaka nife bila kujua," alisema Swaumu kutoka mlangoni.

"Sikutaka ufe."

"Baba, shikamoo yako nitakupa mpaka kesho. Lakini ile karatasi ya ruhusa nilisaini mimi. Damu ni yangu. Na itasomwa." Akamgeukia Dkt. Najiat. "Daktari alisema ya damu haikuharibika."

"Haikuharibika," alisema Dkt. Najiat.

Ngollo alifunika uso kwa mikono. Sajenti Renatus akamwomba asimame.

Maelezo yalifika Dar Alhamisi hiyo hiyo saa nane mchana, kurasa kumi na moja, yakiwa na vipimo viwili vya kugandisha, picha ya lebo na picha ya kikombe. Ijumaa asubuhi jibu lilikuja: kituo kinabaki Tabora. Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya pili, ya kumwomba Fundi Masolwa aandike hatua kwa hatua jinsi anavyoweka kikombe chake, ili vituo vingine vyote vya mradi vifanye vile vile. Leonia alimwandikia, yeye akisema, kwa sababu mwandiko wa Leonia ni mzuri zaidi. Chini waliweka majina yote mawili. Dkt. Najiat aliitundika nakala ukutani, mahali ambapo mtu yeyote kutoka Dar akiingia ataiona kwanza.

Damu ilisomwa mwezi Agosti. Wanawake watano kati ya ishirini na wanane walikutwa na kasoro ya jeni ya kurithi, Swaumu akiwa mmoja wao. Wadogo zake wawili walikuja kupimwa kwa hiari yao: mmoja anayo, mmoja hana. Mwenye nayo sasa anachunguzwa kila baada ya miezi sita, na kama kitu kitaanza, kitakutwa kikiwa kidogo kama punje. Bibi yake na shangazi yake hawakupata nafasi hiyo. Mwezi Septemba, akiwa gerezani, Mabruki Ngollo aliomba mwenyewe achukuliwe damu. Anayo.

Swaumu aliipeleka habari Isikizya, akifuatana na wazee watatu wa ukoo. Titi lilikuwa limeshatolewa na kichwa hakina unywele, akakataa kujifunika mtandio wa kukificha. Zuwena aliwakaribisha uani, akawapa maji, akasikiliza kila kitu. Wazee walipomaliza kuomba radhi alisema, "Mimi nilijua siku ile ile. Nilikuwa nangoja nanyi mjue." Hakurudi Usinge. Alisema ana nyumba yake, ameijenga mwenyewe.

Gharama ilikuwa hii.

Gerson alilala mahabusu siku mbili. Uwesu aliacha kazi ya ulinzi kwa kutaka kwake, baada ya miaka kumi na sita. Ngollo alihukumiwa miezi kumi na minane. Zuwena alikaa miaka kumi na mitano akiitwa mchawi.

Vipande ishirini na vinane vya uvimbe viliharibika. Wanawake kumi na tisa walikuwa bado na uvimbe mwilini, ikabidi wachomwe sindano ya kutoa nyama mara ya pili. Waliitwa kumi na tisa, wakaja kumi na tisa, yule wa Kaliua akiwa wa kwanza getini, mtoto mgongoni. Kati yao, kumi na mmoja waliambiwa hawahitaji dripu kali.

Tisa walikuwa wameshakatwa, hawana cha kutoa tena. Hao wote walipewa dripu, kwa tahadhari, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua nani anahitaji na nani hahitaji. Leonia alipewa sita, moja kila baada ya wiki tatu. Nywele zilitoka baada ya dripu ya pili. Kucha za miguu zilitoka nne. Hakuuza dengu tena mwaka huo. Labda dripu zote sita alizihitaji. Labda hakuhitaji hata moja.